Taa ya Laini ya Pili

Siku Evodie alipomjua Damien, meli ya Kigoma ilikuwa imefunga gati Kalemie asubuhi, na biro, ofisi ya mizigo alikofanya kazi Evodie, ilifurika watu mpaka barazani. Katikati ya kelele zile akatokea kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, simu mpya ya mezani kwapani, akapiga magoti chini ya meza yake.

"Papa, unatafuta nini kwenye miguu yangu?" Evodie akamuuliza.

"Waya, Mama. Miguu nimeiona tu njiani."

Wateja wakaangua kicheko. Evodie alikuwa amevaa kitenge kipya cha njano, na mpaka leo akikivaa hukisikia kicheko kile.

Damien akamfundisha vitufe, kimoja kimoja, akibandika kikaratasi kwenye kila kimoja. "Hiki laini ya kwanza, watu wa inje. Hiki ya pili, depo, ghala la bandarini; anayepokea huko njo mimi. Ukitaka muntu angoje, bonyeza hapa. Taa ikipepesa, anangoja, hasikii kitu. Taa ikitulia, anakusikia."

"Na kama sitaki angoje?"

"Zungumuza naye upesi, sheri, asije akazeeka." Siku ya kwanza tu, na tayari amemwita mpenzi!

Tangu hapo, kila saa nne asubuhi, taa ya laini ya pili iliwaka.

"Mama Evodie, magunia yamefika."

"Mangapi?"

"Sijaangalia. Nilitaka kusikia sauti."

Mwaka mzima walipendana hivyo, ah, raha iliyoje! Damien akaahidi kwamba baada ya Pasaka wajomba zake wangeshuka kutoka Kirungu, kwao milimani, kubisha hodi kwa akina Evodie, kumposa.

Kumbe kidole kinaweza kuharibu. Asubuhi moja wakiwa wanaongea, Mama Martine wa meza ya jirani akamchokoza: "Huyu wa depo njo mukwe wetu?" Evodie akabonyeza harakaharaka ili Damien angoje, akaurudisha mkono wa simu mahali pake. Sasa, kwao binti hamtaji mchumba kabla wakubwa hawajabisha hodi. Anakana tu, akicheka. Evodie akakana kupita kiasi.

"Yule muntu wa milima? Kwani wanaume wamekwisha Kalemie?"

Akatazama simu. Taa ilikuwa imetulia. Alikuwa amebonyeza spika, kitufe cha jirani.

"Damien!"

"Muntu wa milima amesikia," ikajibu spika, na laini ikakatika.

Wiki haikuisha, Damien akaomba kuhamia Moba, akabadilisha na namba yake. Wajomba hawakushuka. Evodie alikuwa analia nyumbani, lakini pale biro hakumuulizia Damien hata mara moja, kwa fahari yake.

Miaka miwili ikapita. Leo asubuhi mkubwa wa biro, Papa Jean-Marie, akatangaza kwamba simu za mezani zinaondolewa.

"Saa sita laini zinakatwa. Damien aliyeziweka njo anaziondoa, yuko depo. Halafu anapanda boti kurudi Moba."

Saa sita kasoro dakika tano, biro imejaa, Evodie akabonyeza kitufe cha pili, kile ambacho kikaratasi chake bado kilikuwa na mwandiko wa Damien.

"Depo."

"Njo mimi."

"Mama, laini zinakatwa."

"Najua. Ngoja."

Akabonyeza spika, safari hii kwa kusudi, akaweka chini mkono wa simu.

"Damien, unanisikia? Watu wote hapa wanasikia pia, na Mama Martine, na Papa Jean-Marie. Muntu wa Kirungu njo ninamupenda. Hakuna aliyebisha hodi kwetu, na bado ninasema. Nilikukana, nimejuta miaka miwili. Nisamehe."

"Yoo, mutoto huyu!" Mama Martine akashika mdomo.

Spika ilitoa kelele za makasha tu. Taa imetulia. Evodie alitamani ardhi immeze.

"Evodie."

"Nasikia."

"Boti linaondoka saa saba."

Akafumba macho. "Basi, safari njema."

"Naenda kuchukua wajomba. Waambie kwenu tutabisha hodi Jumapili ya wiki ijayo."

Biro nzima ikapiga vigelegele. Evodie akacheka huku machozi yakimtoka, akaangalia saa ya ukutani.

"Damien, saa sita imefika. Hukati laini?"

"Nimekata ya kwanza. Hii ya pili, zungumuza kwanza, sheri. Muntu amezeeka kwa kungoja."