Mfuko Chini ya Kanzu ya Babu

Mabibi na mabwana, wakazi watukufu wa Jamhuri Estate, nanyi nyote wa upande wa Ngong Road mnaopenda habari za watu: mimi, Mahira binti Aqil, mwanafunzi wa bweni niliye likizoni, nasimama kutangaza kisa kikubwa cha mapenzi kuliko vyote vilivyowahi kuutikisa mtaa huu. Ndani yake mna wivu, machozi, udi wa bei mbaya na mwanamke wa Riruta.

Pia mna mfuko wa mkojo. Samahani. Bila huo mfuko hakuna kisa.

Asubuhi hiyo nilikuwa jikoni nikimalizia mahamri ya jana, Bibi Mabruka akaingia na kunisukumia simu ya Babu usoni.

"Mahira. Nani huyu?"

Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyeandikwa "Kipenzi Nasi". Ulisema: "Nitafika saa nane mchana. Kunywa maji mengi."

"Sijui, Bibi."

"Hujui! Tangu nirudi kutoka Lamu mume wangu halali chumbani. Ati mgongo. Mgongo gani unaotaka kanzu mpya kila siku? Mgongo gani unaofukizwa udi asubuhi, mchana na jioni, mpaka paka wa jirani anapiga chafya? Mwanamume wa umri ule hajifukizi bure."

"Labda anapenda harufu."

"Harufu ya nani?"

Nikajaza mdomo mahamri ili nisijibu.

"Na anampa maji!" Bibi akaendelea, machozi yakimlengalenga. "Miaka arobaini nampikia chai ya tangawizi, mwenzangu anakuja kunishinda kwa maji matupu!"

Ukweli niliujua. Bibi alipokwenda Lamu kumwangalia mpwa wake aliyejifungua, Babu Athman alikwama mkojo. Baba yangu akamkimbiza hospitali, na kumbe tezi dume ilikuwa imevimba ikaziba njia. Wakampasua, wakamrudisha nyumbani na mpira mwembamba unaotoka kwenye kibofu hadi kwenye mfuko uliofungwa pajani, chini ya kanzu. Sista Nasimiyu, nesi anayekaa Riruta, akawa anapita kumtazama hadi siku ya kutolewa mpira.

Babu akatulisha yamini, mimi na baba: Mabruka asijue.

"Mimi ni mwalimu wa dini, Mahira," aliniambia. "Watu wa Biashara Street nzima wakinunua kanzu dukani kwangu huniuliza masuala ya twahara. Leo mimi ndiye ninayenuka. Mbele ya mke wangu? Heri nife."

Hunuki, nilimwambia. Akanituma nikalete udi.

Bibi hakugomba. Alivaa kanga. Kwa wasiotujua sisi watu wa pwani, mwanamke wetu akifika mwisho wa hasira hunyamaza akaiachia kanga kazi. Alipoleta chakula cha mchana sebuleni, iliyokuwa mwilini mwake iliandikwa: UDI HAUFICHI KILICHOOZA. Akaweka sinia, akageuka, akageuka tena, asije mtu akasema hakupata nafasi ya kusoma.

Babu alisoma. Akarudisha tonge siniani.

"Mabruka, kanga hiyo umeinunua lini?"

"Ya zamani. Leo tu ndiyo maneno yamepata mwenyewe."

Akaenda chumbani, akatoka na begi, akaliweka katikati ya sebule.

"Namsubiri mgeni wako wa saa nane nimwone kwa macho yangu. Halafu nakwenda kwa kaka yangu Mombasa. Talaka yangu utaituma huko. Wewe ndiye mwalimu, utaratibu unaujua."

Babu akajiegemeza zaidi kwenye mto wake. Alikuwa amekaa kwenye kochi, blanketi hadi kiunoni, na uso wake ulikuwa wa kijivu. Jasho lilimtiririka. Bibi aliliona jasho lile, akalihesabu kuwa ni la mwenye hatia, akaondoka.

"Mahira," Babu akaninong'oneza. "Tumbo linanibana. Nataka kukojoa na hakitoki kitu."

"Nimwite Bibi?"

"Thubutu!"

"Babu, unaumwa."

"Nitaumwa kimya kimya."

Kengele ikalia. Bibi alifika mlangoni kabla yangu. Nje alisimama mama mnene mwenye raba miguuni na mkoba begani.

"Hodi! Mzee yuko?"

"Wewe ndiye Nasi?"

"Nasimiyu. Na wewe ni Mama wa hapa?"

"Mimi ndiye mke. Mkubwa, naona."

"Mkubwa? Kwani mko wangapi?"

Bibi alikuwa ameshavuta pumzi ya kujibu, tukasikia Babu akiguna kama mtu anayebeba kabati. Sista Nasimiyu akampita Bibi kama upepo.

"Mzee! Leo mkojo umetoka?"

"Asubuhi. Kidogo."

"Mfuko uko wapi?"

Babu akamtazama Bibi aliyesimama mlangoni. "Mahira, mtoe bibi yako."

"Sitoki," akasema Bibi.

"Mzee, sina siku nzima. Mfuko uko wapi?"

Nilikula yamini ya kutosema. Ya kutoonyesha kidole sikula. Nikaonyesha mto wa kochi.

Sista akauvuta mto. Wakati ule Bibi alipoingia na sinia ya mchana, Babu alikuwa ameusokomeza mfuko nyuma ya mgongo wake, kisha akaukalia mpira.

"Ona sasa! Mpira umekunjika! Si nilikuambia mfuko ukae chini ya kiuno kila wakati? Unauficha kama peremende za mtoto? Kibofu kingejaa mpaka ungelia."

Akaunyoosha mpira, akaushusha mfuko karibu na sakafu. Sote tukasikiliza maji yakitafuta njia. Babu akafumba macho.

"Alhamdulillahi."

Bibi akakaa juu ya begi lake.

"Athman. Hiki ni nini?"

"Tezi dume. Nilipasuliwa ukiwa Lamu."

"Na mgongo?"

"Mgongo mzima."

"Na huyu?"

"Mimi ni nesi, Mama," Sista akajibu huku akivaa glavu. "Niko na bwana yangu Riruta, na kwa kelele tu ananitosha."

Bibi hakucheka. "Ukapasuliwa. Ukaniacha kule nikila pilau ya uzazi."

"Sikutaka unione hivi. Nina mpira mwilini, Mabruka. Hata kusali naona haya, najiona najisi."

"Mwenye udhuru akifikiwa na wakati wa swala anafanyaje?"

Babu akalitazama begi.

"Nakuuliza, mwalimu."

"Anatawadha, anasali."

"Wangapi umewafundisha hayo?"

"Kufundisha kulikuwa rahisi. Mfuko haukuwa wangu." Akalirekebisha blanketi. "Na mpira ukitoka huenda nikavuja, daktari kasema. Wiki, pengine miezi. Utalala na mzee anayelowesha godoro?"

Bibi akainuka. Akaenda akakaa kando yake kwenye kochi, upande usio na mpira.

"Nilipomzaa Aqil nikashindwa kuinuka, nani alifua nguo zangu za uzazi?"

"Ah, Mabruka, mbele ya mtoto..."

"Nani?"

"Mimi."

"Ulifulia bafuni umejifungia, mama yako asikuone. Nilikuwa nakusikia ukisugua na kuimba kaswida ili nisijue. Uliniambia ninanuka?"

"Sikukuambia."

"Basi na mimi sabuni ninayo."

Babu akaushika mkono wake. Sista Nasimiyu akatazama dirishani kwa adabu. Mimi sikuwa na adabu hiyo, nilitazama.

"Haya," Sista akasema baadaye, "Mama nitamwonyesha kumwaga mfuko. Mzee, nipe simu nikuandikie siku ya kliniki."

Bibi akampa. Sista akabonyeza, akasita.

"Mzee. Mbona umeniandika Kipenzi?"

"Nimekuandika nini?"

"Kipenzi Nasi. Na kuna alama ya busu."

"Wallahi mimi bila miwani hata sifuri ya simu siioni! Majina yote kwenye simu hiyo huandikiwa na..."

Vichwa vitatu vikageuka polepole. Nilikuwa nimeshika begi la Bibi, nusu ya mwili sebuleni, nusu imeshatoroka.

Nilifikiria kusingizia mtandao. Nilifikiria kuzirai; bweni limenifundisha kuzirai vizuri. Lakini Bibi alikuwa ananitazama, na macho yake bado yalikuwa mekundu, na mekundu yale niliyafanya mimi.

"Ni mimi," nikasema. "Siku ile Babu aliporudi kutoka hospitali. Alikuwa haongei na mtu. Nikawaza: nesi akipiga simu na Babu akiliona jina, atacheka. Hakuliona. Nikasahau kulifuta. Kisha ukaliona wewe, Bibi, nikaogopa."

Bega la Babu likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu apasuliwe.

"Mzee, polepole, kidonda!" Sista akapiga kelele.

Bibi peke yake hakucheka.

"Weka begi chini, Mahira," alisema. "Njoo hapa karibu."

Nikaweka. Nikaenda. Akanivuta sikio, kisha akanisogezea nafasi kando yake kochini.