Mtandao Usiokuwa na Jina

Kadi ilishika mtandao kabla ya kupewa draiva. Mwingine angeshukuru akaendelea na mambo yake, lakini Bi Fundi, aliyekuwa akila na kulala na kompyuta tangu usichana wake, aliitazama ile alama ya waifai iliyowaka pembeni mwa kioo, akaweka bisibisi mezani na kuuliza, "Wewe nawe umetokea wapi?"

Watu wote walimwita Bi Fundi, hata mumewe alipokuwa na jambo la kumwomba kwa unyenyekevu. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na nyuma ya pazia kilikuwa chumba cha baba yake. Mzee huyo alikuwa mkalimani wa mahakama, mtu aliyekula jasho la ulimi wake, mpaka kiharusi kilipompiga kikachukua upande mmoja wa mwili na sauti yote. Tangu hapo alilala akitazama dari. Alilishwa, aligeuzwa, alifutwa mate, na macho yake yalimfuata binti yake huku na huko kama ya mtu anayetaka kuuliza jambo. Kaka mkubwa wa Bi Fundi, aliyekuwa akiishi ng'ambo, alikuwa akilalamika kwamba kila akipiga simu ya video anaonyeshwa shavu la mzee au neti ya mbu. Ndipo Bi Fundi akafufua kompyuta mpakato iliyozeeka, akaiwekea mfumo wa Linux kwa sababu mwingine wowote ungeielemea, ili iwekwe kando ya kitanda baba na mwana waonane vizuri.

Kadi yake ya waifai ilikuwa imekufa. Akachomoa nyingine kwenye mashine iliyoachwa pale karakana na mteja mmoja mkimya, ambaye hakueleza tatizo lake wala hakurudi kuifuata.

Sasa, kadi kama hiyo haifanyi kazi peke yake. Inahitaji programu ndogo ya kuifundisha kusemezana na kompyuta, ambayo mafundi huiita draiva. Mume wa Bi Fundi, dereva wa lori, alikuwa hachoki kulifanyia neno hilo mzaha. "Nyumba hii dereva ni mmoja tu," alisema asubuhi ile akifunga kamba za viatu. "Huyo mwingine akija, mwambie nimetangulia." Bi Fundi akamrushia kitambaa cha kufutia vumbi, wakacheka.

Adhuhuri hiyo hakukuwa na wa kucheka naye. Aliandika amri ya kuorodhesha vifaa. Kadi ilikuwepo, lakini mahali pa draiva palikuwa patupu. Akajaribu kuipakia draiva anayoijua yeye; mashine ikakataa. Akafungua kumbukumbu za mfumo, akakuta kadi imelalamika mstari baada ya mstari kwamba faili lake halijapatikana, halijapatikana, halijapatikana, kisha mstari wa mwisho ukasema limepatikana. Limepatikana wapi, haikusema. Na mtandao wenyewe ulikuwa mmoja tu, hauna nywila, hauna jina.

Akatoa simu yake. Simu haikuuona mtandao huo. Akaibeba kompyuta mpaka barazani, akidhani ni wa jirani, na nguvu ya mtandao ikashuka. Akarudi ndani, ikapanda. Akalisogelea pazia, ikapanda tena. Akaingia chumbani kwa baba yake, akasimama kando ya kitanda, na alama ikajaa pomoni.

"Maji," baba yake akasema.

Kompyuta nusura imdondoke. Akapiga magoti, akakishika kile kiganja kilichokuwa kimelemaa, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, na hakumbuki hata alivyokimbilia jikoni wala alivyorudi na kikombe.

Nyumba ikajaa watu. Jirani mmoja alipiga kigelegele mlangoni, mwingine akaja na kuku. Mume aliporudi safari alimkuta mkwewe ameegemezwa mito, anaongea maneno yaliyonyooka kama alivyokuwa akiongea kortini. Na kaka kule ng'ambo, alipoiona ile sura kwenye kioo ikimwita mwanangu, aliufunika uso kwa mikono miwili, akalia. Kwa ajili ya kilio kile Bi Fundi alisamehe kila kitu ambacho kadi ile haikuweza kukieleza. Alijiambia Linux ina vituko vyake, na kwamba siku akipata nafasi atakaa chini aichunguze.

Lakini yule aliyeomba maji hakuyanywa. Yalikaa mashavuni mwake, yakachuruzika polepole mpaka mto ukalowa. Uji nao vivyo hivyo. Alikuwa hapepesi macho. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua, harufu nyepesi iliyokuja na kuondoka, na Bi Fundi akafua mapazia, akasugua sakafu, akatoa godoro juani, ikarudi. Kisha wageni wakapungua. Yule jirani wa kuku alitoka chumbani siku moja akiwa amejifunika mdomo kwa mtandio, na alipoulizwa kulikoni akasema kwa sauti ya chini, "Baba yako ameniambia jambo ambalo nililizika na marehemu mama yangu. Sitaki tena kuja hapa, shoga yangu. Nisamehe."

Mume ndiye aliyesema kwanza. Alimvuta mkewe jikoni, akafungua bomba la maji ili wasisikike.

"Mke wangu, yule si mzee."

"Usianze."

"Jana jioni nimemnyoa. Nilikuwa nimeishika midomo yake hivi, kwa vidole, nisimkate. Midomo nimeifunga mimi mwenyewe. Na alikuwa anaongea."

Bi Fundi akafunga bomba. Akaenda moja kwa moja mpaka chumbani, akaketi kwenye kigoda mbele ya ile kompyuta, na huku baba yake akimsimulia kisa cha hakimu mmoja aliyekuwa akisinzia mahakamani, kisa alichokijua tangu utotoni na kukipenda, akaandika amri ya kuizima waifai.

Baba yake akakatika katikati ya neno. Mdomo ulibaki wazi, ulimi umenyanyuka kugusa meno kwa herufi ambayo haikutoka. Bi Fundi akasubiri kifua kipande. Hakikupanda. Akaweka kiganja chake chini ya pua, akakiweka shingoni, akabandika sikio juu ya moyo, na humo ndani, badala ya mapigo, akasikia kimya kikavu kama cha ndani ya mtungi, na miguu, alipoigusa, ilikuwa na ubaridi wa kitu kilichokaa kivulini muda mrefu sana. Akaiwasha waifai, na baba yake akaimalizia ile herufi, akaendelea na hakimu wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Basi alijua. Hakumwambia mtu. Usimlaumu, aliyewahi kukaa na mgonjwa asiyesema ndiye anayejua uzito wa sauti. Alikuwa akikaa pale mchana kutwa, kazi za wateja zikirundikana, akisikiliza visa vya utoto wake kwa sauti ileile, na akajizoeza kutotazama midomo.

Kilichomwamsha ni simu ya kaka yake. Bi Fundi alikuwa ameinama nyuma ya pazia akitafuta skrubu iliyoanguka, na mzee hakumwona.

"Njoo nyumbani, mwanangu," mzee alikuwa akisema kwenye kioo.

"Nakuja, Baba. Nimeshaomba ruhusa kazini."

"Fanya haraka. Kiti hiki kimechakaa. Wewe bado una nguvu."

"Kiti gani, Baba?"

Mzee akacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha mtu yeyote ambaye Bi Fundi aliwahi kumfahamu.

Usiku ule Bi Fundi akamweleza mumewe kila kitu. Mchana wa siku iliyofuata mume alikwenda kumchukua shangazi yake, mama mnene wa maneno machache ambaye watu walimwita kwa mambo ya namna hiyo. Shangazi hakuja na vishindo. Aliingia, akamwamkia mzee, mzee akaitikia vizuri tu. Akapapasa miguu ya mgonjwa chini ya shuka, akainua kope moja kwa kidole gumba, kisha akamwashiria Bi Fundi watoke barazani.

"Alianza lini kusema?"

"Siku nilipoweka hiyo mashine. Aliomba maji."

"Hakuomba yeye." Shangazi aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayefungua kidonda cha mwenziwe. "Baba yako aliondoka siku hiyo, mwanangu. Labda kitambo kidogo kabla. Lilimkuta ameondoka na mlango uko wazi, likaketi. Jini halikai hivihivi, linataka kiti, na sasa hicho kimeanza kuoza."

Bi Fundi akafunika mdomo. Alikumbuka uji wote aliokuwa akimlisha.

"Litoke kwa njia gani, Shangazi?" mume akauliza.

"Kwa njia lililoingilia. Aliyekitia hicho kidude ndiye atakayekitoa. Mimi nitakuwa nasoma. Ila sikiliza, binti yangu, na hili ulishike kuliko yote: litakuita. Litakuita kwa sauti yake. Usiitike. Lisemalo na liseme, wewe fanya kazi yako. Ukiitika, umelikaribisha."

Wakaingia. Mume akafunga dirisha, akasimama akiegemea mlango. Shangazi akaketi miguuni mwa kitanda, akaanza kisomo chake kwa sauti ya chini, na Bi Fundi akaipindua kompyuta juu ya mapaja yake, akatoa betri, akaweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza.

Betri ilikuwa sakafuni, na safari hii mzee hakukatika, akaendelea kuongea.

Alianza kwa kubembeleza. "Binti yangu, unanifanyia nini? Umenichoka?" Skrubu ikatoka. Akaja na ukali, akamwita mwizi na muuaji, akamwuliza atawaambia nini watu. Skrubu nyingine. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba mpaka macho yakatoa machozi, na kuta zikaanza kuvuma mvumo wa chini kama wa nyaya za umeme baada ya mvua. Sauti ile ikageuka ya mama yake aliyefariki, ikageuka ya kaka yake, ikageuka ya mume wake mwenyewe ambaye alikuwa amesimama pale mlangoni akitikisa kichwa na kumwonyesha kwa kidole mdomo wake uliofumbwa, na Bi Fundi, jasho likimtiririka, meno yameuma mdomo wa chini hadi damu, akainua kifuniko, akazikuta zile nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe, zimeshikamana na kadi, zina joto la mwili wa mtu, zinapigapiga taratibu chini ya kidole chake kama mshipa, akaibandua moja, na kitanda kikatikisika, akaibandua ya pili, na mzee akapiga ukelele ambao mbwa wa mtaa mzima waliuitikia, akaishika kadi yenyewe kwa kucha akaivuta.

Kimya.

Mvumo ukakatika. Harufu ikaondoka. Juu ya kitanda baba yake alikuwa amelala kama maiti wanavyolala, uso umelegea, mzuri tena. Shangazi akasimamisha kisomo, akavuta pumzi. Mume akautoa mgongo wake mlangoni. Bi Fundi akaitazama kadi kiganjani mwake, kijipande kidogo cha kijani, na mabega yake yakaanza kushuka.

"Mwanangu," sauti ikasema kutoka kitandani. Haikuwa ya kutisha wala ya kuomba. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa ya baba anayemwita bintiye chumba cha pili amletee miwani.

"Abee, Baba," akasema Bi Fundi.

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Ndivyo alivyolelewa, mzazi akiita, mdomo huitika wenyewe. Shangazi akajishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakaa chini sakafuni.

"Ondoa tena," mume akasihi. "Shangazi, anza upya. Tunafanya nini sasa?"

"Kile kilikuwa na skrubu," Shangazi akasema bila kumtazama. "Huyu nitamfungulia wapi?"

Mzee akazikwa kesho yake. Waliokuja matangani walimsifu binti kwa utulivu wake. Hakulia, hakusema neno, alikuwa akitikisa kichwa tu kwa kila pole. Kadi ilichomwa, majivu yakatupwa shimoni. Mume alimkalia karibu usiku na mchana, akimwita mke wangu, mke wangu, naye alikuwa akimtazama kwa macho yaliyojaa machozi, midomo ameibana kwa nguvu mpaka imekuwa myeupe.

Jioni kaka yake akapiga simu. Alikuwa ameahirisha safari. Mazishi yamempita, afuate nini tena? Mume akaongea naye kidogo, kisha, akidhani sauti ya ndugu itamfungua mkewe, akamwekea simu sikioni.

"Dada," kaka akasema huku akilia. "Dada, sema na mimi."

Bi Fundi akaipeleka mikono yake miwili mdomoni, akaubana. Mume akaiona mikono hiyo ikishuka polepole, kidole kimoja kimoja, kama inayobanduliwa na mtu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti nzito ya mkalimani wa mahakama. "Nani kakwambia nimekufa?"

Upande wa pili kikasikika kilio cha mtu mzima aliyerudishiwa kitu chake.

"Baba! Baba, nakuja. Nakata tiketi sasa hivi."

Mume akaruka kuinyakua simu. Bi Fundi alikuwa ameishika kwa nguvu ambazo hakuwa nazo, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, na macho yake pekee, yaliyokuwa bado yake, yakimsihi mumewe afanye kitu, kitu chochote, huku mdomo ukitabasamu na kusema, "Njoo, mwanangu. Njoo haraka."