Kipalilio cha Fundi Geti

Palikuwa na fundi wa mageti, na mageti yake yalikuwa mazito. Ulilifungua geti lake kwa bega, si kwa kidole. Kila geti alilipamba kwa maua ya chuma, mawili juu na mawili chini, mteja apende asipende. "Kizito ndicho kizuri," alizoea kusema. Hakuna aliyembishia, kwa sababu hakuna geti lake lililowahi kuvunjika. Watu wakamwita Fundi Geti.

Mageti hayo aliyapeleka kwa wateja kwa mkokoteni wa farasi. Farasi mwenyewe alikuwa jike, mwenye rangi ya kahawia, akiitwa Kahawa. Kahawa alikuwa mlafi, lakini kazi aliijua.

Nyuma ya karakana kulikuwa na shamba la ekari moja. Huko Fundi hakuingia. Shamba lilikuwa la mkewe, Mama Pacha. Fundi alijua chuma, mkewe alijua udongo, na nyumba ilikula mahindi ya shamba lile mwaka mzima. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka kumi na mitano.

Mwaka huo Mama Pacha alipanda vizuri. Wiki moja baadaye aliinua ndoo ya maji, mgongo ukamkata, akashindwa kunyooka. Daktari alimpima na kumwambia bila kuzunguka: "Miezi mitatu usiiname. Ukiinama kabla ya hapo, huenda usisimame vizuri tena maisha yako yote."

Mvua haikuwa na habari na daktari. Ilinyesha. Mahindi yakaota, na magugu yakaota zaidi. Kila asubuhi Mama Pacha alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akiyatazama.

"Baba Pacha," alimwambia mumewe Jumanne wakati wa chai, "magugu yamefika kwenye kifundo cha mguu. Yakifika gotini, mwaka huu hatuna mahindi."

"Nitatafuta vibarua."

"Nimeshauliza. Huu ni wakati wa palizi, kila mtu yuko shambani. Nitangoja mpaka Jumapili. Jumatatu nashika jembe."

"Na daktari je?"

"Daktari hatuletei unga."

Fundi aliweka kikombe chini. Mkewe hakuwa mtu wa vitisho. Akisema Jumatatu, ni Jumatatu. Aliogopa, na hofu yenyewe ikamtoa kwenye kiti. Kahawa anavuta mageti, aliwaza. Kwa nini asivute jembe?

Siku mbili karakana haikunyamaza. Alhamisi mchana Fundi alitoa kazi yake nje, yeye na jirani mmoja wakiibeba huku wakihema. Ilikuwa fremu ya mabomba mazito. Chini yake kulikuwa na meno saba ya nondo, yamejipanga kwenye mstari mmoja. Na kwenye pembe za mbele, usiniulize kwa nini, kulikuwa na maua mawili.

Alimfunga Kahawa kwa mkanda shingoni, akaunga mkanda na kamba, akaunga kamba na fremu. Mama Pacha alikuja polepole mpaka ukingoni mwa shamba.

"Twende," alisema Fundi.

Kahawa alivuta. Meno yalizama, yakakusanya magugu, yakakusanya udongo, kisha yakaanza kukusanya mahindi. Hatua kumi mbele, Kahawa alisimama. Mkanda ulikuwa umembana koo, akikoroma kwa kukosa pumzi. Nyuma yake kulikuwa na rundo la matope na magugu. Kando ya rundo, miche kumi na miwili ya mahindi ililala, mizizi juu. Mama Pacha aliihesabu yote. Kisha aligeuka akarudi ndani.

"Fundi," ilisema sauti kutoka upande wa pili wa ua, "mbona umelilaza geti shambani?"

Alikuwa Bi Sindano. Mama huyu alishona ngozi: mikoba, viatu, na zaidi ya vyote, vifaa vya farasi. Baba yake alikuwa mkulima wa kutumia farasi, na mkono wake wa kulia ulikuwa mgumu kwa miaka arobaini ya sindano.

"Shikamoo, Bi Sindano. Usinicheke, nina shida."

"Marahaba. Sikucheki. Mfungue kwanza huyo mnyama apumue."

Alipita mlangoni, akaizunguka ile fremu mara mbili.

"Wazo lako ni zuri," alisema. "Ubaya ni mkono wako wa mageti. Geti kazi yake ni kuzuia, ndiyo maana nondo zake zinasimama mstari mmoja. Hapa unataka magugu yapite. Tanguliza jino moja mbele. Mawili yafuate nyuma, moja huku na moja huku. Nyuma kabisa weka mengine mawili, mbali zaidi kwa upana. Jino likiachana na jino, takataka hupata njia."

"Matano tu?"

"Matano yanatosha. Na uzito huu wote wa nini? Magugu hung'olewa kwa ncha, si kwa uzito. Jino liingie vidole viwili, basi. Mizizi ya mahindi haiko mbali chini, ukichimba sana utaikata." Aliinama akagusa shingo ya Kahawa. "Tena farasi havuti kwa koo, anasukuma kwa mabega. Nitakushonea kola. Upana wa mistari ni kiasi gani?"

Fundi alijikuna kichwa. "Sijui. Niliukadiria kwa macho."

"Mwenye shamba yuko ndani. Nenda kamuulize."

Fundi alimkuta mkewe ameketi kwenye kiti kirefu. Alimuuliza. Mama Pacha alinyoosha mkono juu ya kabati akatoa kamba nyembamba yenye mafundo.

"Fundo mpaka fundo, ndio mstari mpaka mstari," alisema.

Fundi alichukua futi yake, akaingia shambani. Alipima mstari wa kwanza na wa pili: sentimita sabini na tano. Akapima katikati ya shamba: sabini na tano. Akaenda mpaka mwisho, penye jiwe kubwa, ambapo aliamini lazima mkono uliteleza. Sabini na tano. Alisimama pale na futi yake mkononi. Miaka kumi na mitano alikuwa amelala nyumba moja na fundi kuliko yeye, naye hakujua. Alijisikia mdogo, na alifurahi kujisikia hivyo.

"Mageti yangu hupishana hata nusu sentimita," alimwambia mkewe aliporudi. "Wewe umewezaje?"

"Geti likikosea, unaligonga nyundo. Mstari ukikosea, unangoja mwaka mzima."

Siku ya Ijumaa walifanya kazi watatu. Mama Pacha aliketi kwenye mlango wa karakana na kamba yake. "Sabini na tano," alisema. "Acha kiganja kizima huku na kiganja kizima huku, usiiguse miche. Mashine isizidi hamsini."

"Na ukipanda maharage kwa mistari ya karibu?" Fundi aliuliza. "Nitengeneze nyingine?"

Macho yake yalikuwa kwenye kopo la bawaba za mageti. Alichukua bawaba moja, akaifungua na kuifunga. Kisha akakata vipande viwili vya chuma bapa, akaviunga mbele kwa ile bawaba, vikawa kama miguu miwili inayoweza kupanuka na kukaribiana. Nyuma aliweka kipande cha kukingama chenye matundu na boliti. Ukitaka upana, unasogeza boliti. Ukitaka wembamba, unairudisha.

Bi Sindano aliacha kushona. "Hiyo sikuwahi kuiona kwa baba yangu," alisema polepole. "Kumbe mageti nayo yana faida."

Meno aliyakata kwenye springi kuukuu ya gari, maana chuma laini kingepinda. Kila jino alilifunga kwa boliti, ili likichakaa libadilishwe. Mbele aliweka gurudumu la toroli kuuzuia mdomo wa mashine usizame, na nyuma mishikio miwili ya mbao inayofika kiunoni.

"Na maua?" aliuliza Mama Pacha.

"Hakuna maua," alisema Fundi. Ilimuuma kidogo.

Jumamosi jua lilitoka mapema. "Siku njema," alisema Bi Sindano. "Gugu liking'olewa juani halifufuki." Alimvisha Kahawa kola ya ngozi iliyojazwa nyasi kavu, akapitisha kiganja kati ya kola na koo. Kilipita bila kubanwa. Minyororo miwili ilitoka mabegani, ikafungwa kwenye ncha mbili za mti mfupi nyuma ya farasi. Katikati ya mti ule ndipo mashine ilipoungwa, ili mti uyumbe kufuata hatua na mabega yasichubuke. Mwisho, Bi Sindano alimvisha Kahawa kikapu mdomoni.

"Hicho cha nini?"

"Atapita katikati ya mahindi mabichi, na wewe unamjua."

Kahawa alimtazama Fundi kama mtu aliyesalitiwa.

Walijaribu. Mashine ilizama pua chini. Fundi alikunja uso, lakini Bi Sindano alitoa uzi mrefu. Ncha moja aliishika begani mwa farasi, nyingine Fundi akaishika pale meno yanapoingia udongoni.

"Uzi huu ndio njia ya nguvu," alisema mama yule. "Mnyororo ufuate njia hii. Ukiufunga juu zaidi, mashine inazama. Ukiufunga chini zaidi, inaelea. Tazama, wako uko juu."

Mbele ya mashine kulikuwa na bamba lenye matundu manne, moja juu ya jingine. Fundi alishusha mnyororo tundu moja. Ni tundu moja tu.

Kahawa alitembea. Mnyororo ulinyooka, sawasawa na ule uzi. Meno yaliingia vidole viwili na kubaki hapo hapo. Udongo ulifunguka laini, magugu yakageuka mizizi juu, na miche ya mahindi ikatikisika kidogo tu. Hapakuwa na kelele. Fundi alizoea kwamba nguvu ina kelele: nyundo, jenereta, cheche. Hapa alisikia pumzi ya farasi na mchakacho wa udongo. Alilegeza mkono mmoja, kisha wa pili. Mashine iliendelea yenyewe hatua tano, imenyooka, kana kwamba mstari ndio ulioishika.

Machozi yalimlengalenga. Hakuyaficha.

"Nguvu ni ile ile ya juzi," alisema. "Farasi ni yule yule."

"Ndiyo," alisema Bi Sindano. "Juzi ulipigana nayo. Leo umeipa njia."

Hadi jioni walimaliza nusu ya shamba, na nusu iliyobaki Jumapili. Magugu yaliyojificha kati ya mche na mche mashine haikuyafikia, kwa hiyo Fundi aliyapalilia kwa jembe la mkono. Baada ya mistari minne mgongo ulimuuma mpaka akakaa chini. Alimtazama mkewe pale ukingoni, akawaza miaka kumi na mitano. Kisha akashika jembe tena.

Jumatatu jembe lilibaki ukutani.

Mahindi ya mwaka ule yalibeba vizuri. Miezi mitatu ilipokwisha, daktari alimwambia Mama Pacha apige hatua, ageuke, ainame. Akainama, akainuka. Majirani wanne wakaja kwa Fundi kutaka kipalilio, naye akawauliza wote swali moja: "Mistari yenu ina upana gani? Nendeni mkapime kwanza."

Msimu uliofuata, Mama Pacha alishika mishikio kwa mara ya kwanza. Kwenye mbao, pale macho yake yanapofika, aliona kitu kidogo kimepigiliwa. Lilikuwa ua la bati, jepesi kama kijiko. Alicheka, akamwita Kahawa, wakaenda.

Mwisho wa mstari alisimama. Hakugeuza farasi. Alisimama muda mrefu mpaka Fundi akamfuata mbio, akidhani ni mgongo.

"Unaumwa?"

"Hapana." Mama Pacha alikuwa amenyooka wima, akitazama mistari iliyobaki mpaka kule penye jiwe. "Miaka yote hii nimelilima shamba hili nikitazama miguu yangu. Sikujua kuwa ni zuri hivi."