Mchoro wa Siku ya Mvua

Kila asubuhi ya likizo, Ayaa alianza na ufagio. Alisukuma maji kutoka kizingitini mwa karakana ya mama yake hadi mtaroni, kisha akatia makaa kwenye pasi. Bwaise, mtaa wa Kampala, iko bondeni, na hata mvua ikinyesha mtaa mwingine, maji yatakuja kukusalimia mlangoni.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kando ya Barabara ya Bombo, na kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Mama yake Ayaa, aliyeitwa Aciro, alipokea oda na kupeleka sare zilizokamilika. Mama Bibiane, aliyetoka Kongo, alikata vitambaa. Dada Nuriat alishona kwa cherehani. Mzee Okwera, mwanajeshi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Afande, alitia vifungo na kupiga pasi. Shati lililotoka mikononi mwake lilisimama wima kama liko gwarideni.

"Kitendawili!" Mama Bibiane alimwambia Ayaa Jumatatu moja, mkasi ukilia krr, krr juu ya kitambaa cha bluu.

"Tega!"

"Nyumba yangu haina matofali, na nguzo zake zina miguu."

Ayaa alifikiri mpaka makaa yakaanza kufifia. Tembo? Meza? Meza haina nguzo zenye miguu, ina miguu tu.

"Nimeshindwa, Mama Bibiane."

"Basi nipe mji."

"Nakupa Mengo."

"Mengo nimefika, nimekula, nimelala. Lakini jibu sikupi! Hili si la kuambiwa, bana. Hili ni la kuona kwa macho."

Dada Nuriat alicheka. Lakini kabla wiki haijaisha, vicheko vilikuwa vimekoma.

Wiki iliyotangulia, mifuko ya mashati kumi ilikuwa imepotea. Si mifuko ya kubebea vitu, la, ile ya kifuani ya kutilia kalamu. Ilikwisha kukatwa, ikatafutwa, haikuonekana. Mama Aciro alinunua kitambaa kingine. Sasa Ijumaa asubuhi Dada Nuriat alisimamisha cherehani yake.

"Kola ziko wapi? Nina mashati arobaini hapa hayana shingo!"

"Nilizikata jana," Mama Bibiane alisema. "Niliziweka kwenye boksi, pale chini, kati yako na mimi."

Maboksi yalikuwa tele mle chumbani, yote ya sabuni, yote yakifanana. Waliyapekua moja baada ya jingine. Hakuna kola.

"Afande, umeziona?"

"Sijaona kola," alijibu Mzee Okwera, uso umekauka kama uliopigwa pasi. Naye alisema kweli. Hakuwa ameona kola hata moja.

Mashati yalitakiwa shuleni Jumatatu. Kitambaa cha rangi ile kilikuwa kimekwisha dukani. Tangu saa ile, karakana ikageuka. Dada Nuriat alifungia mkasi wake kwenye kijaluba. Afande alihamisha kiti, akakaa akitazama mlango. Mama Bibiane aliacha kuimba. Mtu akiinama kuokota sindano, macho sita yaliinama pamoja naye.

Ayaa naye alikuwa na siri. Baba yake alikuwa askari polisi, kazini mbali kule kaskazini, na Ayaa alijiona amerithi macho yake. Alhamisi, mawingu yalipojikusanya, alikuwa amemwona Mama Bibiane akitoka mbio na bunda lililofungwa kwa kitenge. Alielekea kanisani ng'ambo ya barabara, akiangalia kushoto, akiangalia kulia, kama mtu anayeogopa kuonekana. Halafu Ayaa akatumwa makaa, akaenda zake.

Ijumaa jioni alimnong'oneza mama yake. Mama Aciro, ambaye Alhamisi kutwa alikuwa akizunguka mashuleni kupeleka sare, alimgeukia.

"Una hakika, Ayaa?"

"Nilimwona kwa macho yangu, Mama. Alikuwa anatazama huku na huku."

"Basi. Kesho nitamwambia akatafute kazi kwingine."

Usiku Ayaa alijigeuza kitandani. Mbona ushindi wenyewe haukuwa mtamu? Akajiambia kwamba polisi wa kweli huwa na ushahidi. Kesho yake atachora njia yote ya shati, tangu kitambaa hadi shuleni, aonyeshe mahali mwizi alipopitia.

Jumamosi asubuhi alifungua daftari lake la mazoezi. Alichora duara kwa kila mtu, na mshale kutoka mkono hadi mkono.

"Dada Nuriat, ukimaliza kushona unampa nani?"

"Afande. Namwekea kwenye benchi lake."

"Afande, nawe?"

"Nafunga bunda, namkabidhi mkuu wa kikosi," alisema, yaani Mama Aciro. "Unaandika ripoti, binti wa polisi? Usisahau kuandika kwamba chai haijaletwa."

Mama Bibiane aliweka mkasi chini. "Mimi nakata, naweka chini kati yangu na Nuriat. Umeniandika vizuri? Jina langu lina B mbili."

Ayaa aliinamisha kichwa. Mchoro ulikuwa umenyooka: mkasi, cherehani, kifungo, pasi, shule. Hapakuwa na tundu la mwizi popote.

Saa sita Mama Aciro aliingia. Hakuvua hata viatu vyake vya matope.

"Mama Bibiane, tafadhali keti. Nina neno nataka kukuambia."

Hakulisema. Radi ilipasuka juu ya mabati, na kabla haijamaliza kunguruma, wote watatu walikuwa wameruka. Mama Bibiane alikunja vitambaa vyake ndani ya kitenge, akatoka mbio kuelekea kanisani. Dada Nuriat alipanda juu ya kigoda, akasukumia mashati darini. Afande alibeba maboksi mpaka kidevuni, akavuka kwa Sylvanus, kinyozi wa jirani, ambaye kibanda chake kilisimama juu ya mawe. Mama Aciro alibaki katikati ya chumba, mdomo wazi. Kila mvua iliponyesha, yeye alikuwa safarini.

Ayaa alikimbia mlangoni. Kule ng'ambo alimwona Mama Bibiane amefika ngazi za juu za kanisa, bunda mapajani. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kila bodaboda ilipopita na kurusha maji ya matope. Alikuwa analinda vitambaa visichafuke!

Ayaa alihisi masikio yakiwaka moto. Akatazama daftari. Mishale yake yote ilinyooka kama barabara mpya, lakini mbele ya macho yake vitu vilikuwa vimekwenda njia tatu ambazo hakuzichora.

Mvua ilipopungua na watu kurudi na mizigo yao, Mama Aciro alikohoa. "Haya. Mama Bibiane, nilikuwa nasema..."

"Mama, subiri!" Ayaa alisimama kati yao. "Jana nilikuambia nusu. Nilimwona akienda, sikumwona akirudi, nikamaliza hadithi mwenyewe."

Mama Bibiane aligeuka polepole. "Kumbe ulinisema mimi?"

"Ndiyo. Nisamehe, Mama Bibiane. Lakini naomba niulize jambo moja." Aliinua daftari. "Tumekuwa tukiulizana nani kachukua kola. Sasa kila mtu aseme: Alhamisi mvua ilipokuja, ulibeba nini?"

"Mikono ya mashati," alisema Mama Bibiane, "nikairudisha yote."

"Mashati niliyokuwa nashona, nikayasukumia darini," alisema Dada Nuriat.

"Maboksi manne," alisema Afande. "Nikarudisha matatu, yale ya vifungo vyangu."

"Na la nne?"

"La nne si langu. Nilichungulia, ni matambara matupu. Nikasema mwenye matambara yake atayafuata."

Mama Bibiane alishika kichwa. "Matambara niliweka mimi! Niliyafunika juu ya kola, vumbi la barabara lisiziguse!"

Hakuna aliyengoja. Walivuka wote hadi kwa Sylvanus, ambaye Ijumaa kutwa alikuwa amefunga kibanda kwa ajili ya mazishi Masaka, akarudi asubuhi ile.

"Banange, jamani, karakana nzima mnakuja kunyolewa?" aliuliza kinyozi.

"Boksi letu, Ssebo! La Alhamisi!" Afande alijibu.

"Lile? Mteja amelikalia."

Mteja aliinuka. Chini ya matambara, kola arobaini za bluu zilikuwa zimelala, zimepondeka kidogo lakini safi. Afande alizitazama, kisha akampigia Mama Bibiane saluti, kisigino kikilia tap. "Kosa langu, Mama. Nilichungulia kama kuruta."

Walipofika karakanani, Dada Nuriat alikumbuka jambo, akapanda tena kigoda, akapapasa darini. Alishuka na furushi la nailoni lenye utando wa buibui. Ndani yake mlikuwa na mifuko kumi ya kifuani.

"Niliisukumia huku mvua ya wiki ile," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani Mama Bibiane ataishusha."

"Nami ningejuaje iko darini?" alisema Mama Bibiane, na safari hii alicheka kweli.

Mama Aciro hakucheka. Alimshika Mama Bibiane mikono yote miwili. "Nilikuwa nataka kukufukuza leo, dada yangu. Kwa neno la mtoto, na kwa uvivu wangu wa kuuliza. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini Jumatatu chai unapika wewe."

Jioni ile Mama Aciro alichukua chaki, akachora kwenye mlango wa karakana. Upande mmoja alinakili mchoro wa Ayaa, njia ya siku ya jua. Upande wa pili walichora pamoja njia ya siku ya mvua. Kila boksi likapata jina lake. Kila mtu akapewa mzigo wake, na mizigo yote ikawa na mahali pamoja, ngazi za juu za kanisa, baada ya Mama Aciro kwenda kuomba ruhusa. Atakayebeba atataja kwa sauti, na atakayepokea ataitika.

Ayaa aliutazama mlango, ghafla akaruka. "Mama Bibiane! Nyumba isiyo na matofali! Ni hii kazi yetu! Nguzo zenye miguu ni sisi!"

"Umefika. Nikurudishie Mengo yako?"

"Kaa nayo!"

Mama Aciro alipangusa chaki mikononi. "Sikiliza, Ayaa, na mimi najiambia pia. Kazi ya watu wengi hujengwa kama nyumba. Lazima ujue nani anamkabidhi nani, na wapi, siku ya jua na siku ya mvua. Kitu kikipotea, kagua kwanza nyumba ilivyojengwa, kabla hujamnyooshea mtu kidole. Na ukishuhudia jambo, sema uliloliona tu. Usijazie usilolijua."

Jumatatu mashati arobaini yalifika shuleni, kila moja na shingo yake. Jumanne mvua ikaja tena, na watu wa Barabara ya Bombo wakasimama kushangaa sauti zilizotoka karakanani.

"Kola, kwa Bibiane!"

"Nimepokea!"

"Vifungo, kwa Afande!"

"Nimepokea, mkuu!"

"Matambara, kwa Ayaa!"

"Nimepokea," Ayaa aliitika, "na nimeangalia chini yake!"