Kikapu cha Maharagwe ya Muheto

Kila asubuhi Victorine huosha sufuria mbele ya hema lake, katika kambi ya Lushebere. Mume wake, Esdras, aliuawa siku walipokimbia vita. Alizikwa pembeni mwa shamba lao, Muheto. Sasa Victorine anamlea binti yao, Shekinah, kwa vibarua.

Jirani wao, Nsengimana, alibaki Muheto. Alilima shamba lile ili lisiote magugu. Kila mavuno alimletea Victorine kikapu cha maharagwe. Kila mara Victorine alikirudisha kikiwa kimejaa.

"Siwezi kula maharagi yenye kutoka karibu ya kaburi ya bwana yangu," alisema.

Njaa haina adabu, lakini uchungu wake ulishinda njaa. Nani angemlaumu?

Siku moja Nsengimana alikuja mikono mitupu.

"Mama Shekinah, kapita, mukubwa wa kijiji, anataka kupana shamba kwa muntu mwingine. Anasema haina mwenyewe."

"Kukimbia vita njo kuacha shamba?" Victorine alifoka.

Mama Gentille, mpatanishi wa mambo ya ardhi pale kambini, alisikia. Akasogea.

"Hapana, dada. Kukimbia si kuacha. Lakini bulongo, ardhi yote, iko ya Leta, ya serikali, na ku kijiji kapita njo anaiangalia. Shamba yenye haina muntu wa kuiuliza, anaweza kuipana. Na weye ulirudisha kikapu. Kwetu, muntu akirudisha mavuno ya shamba yake, wanasema ameikataa."

"Nilikuwa nalia bwana yangu!"

"Najua. Lakini kapita haoni machozi, anaona kikapu. Twende kwake kabla hajaipana. Tuite wenye kupakana na shamba, waonyeshe mipaka. Nawe upokee kikapu mbele yao wote."

Mapigano yalipotulia kidogo barabarani, walikwenda Muheto. Majirani walipita mpakani, wakionyesha miyenzi, ile miti ya mpaka, mmoja baada ya mwingine.

"Shamba iko yako?" kapita alimuuliza Nsengimana.

"Hapana, Papa. Iko ya marehemu Esdras. Niko naichunga tu."

Akamnyooshea Victorine kikapu cha maharagwe. Victorine alilitazama kaburi. Lilikuwa limefyekwa vizuri. Akapokea kikapu.

"Basi, iko na mwenyewe," kapita alisema. Akaandika jina la Victorine na la Shekinah.

Hawakuweza kubaki Muheto. Risasi bado zilisikika mlimani. Walirudi kambini, wakapika.

Victorine alimeza kijiko cha kwanza huku machozi yakimtoka.

"Mama, umetia pilipili?" Shekinah aliuliza.

"Hapana, mutoto yangu. Iko maharagi ya baba yako. Kula."