Huvai Karatasi ya Kukatia

Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa inaimba kama kawaida. Mshonaji alikuwa anamalizia kola. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa anapanga spana zake. Mama mkwe akatoka chumbani na kikombe cha chai. Akayumba. Akashika mlango. Kikombe kikapasuka sakafuni.

"Mama! Umekunywa kidonge cha presha?" mshonaji akauliza.

"Nimeacha, hii wiki ya pili," bibi akajibu, mkono kichwani. "Mwanangu kaniletea hii."

Shingoni alikuwa amening'iniza kadi ya plastiki. Mshonaji akaisoma: KWANTAMU. ELEKTRONI ZAKO ZIMEPANGWA UPYA.

Damu ikamchemka. Akamgeukia mumewe.

"Wewe ndiye umemvisha mama yako kiplastiki hiki?"

"Usinipandie kichwani, mke wangu. Muuzaji alivaa koti jeupe. Alisema kompyuta ya kwantamu imeiga dawa ya mama, ikaitia kwenye kadi."

"Koti jeupe hata muuza nyama analo!"

Kelele zile zikamleta jirani, mama anayefanya kazi kwenye maabara ya kemia chuoni. Mtaa mzima humwita Bi Chupa.

"Zahanati kwanza," akasema. "Ugomvi hauozi, mtaukuta."

Zahanatini, muuguzi alimpima bibi, akatikisa kichwa, akamrudisha kwenye vidonge vyake. Mchana wote wakakaa kwenye meza ya kukatia nguo. Mshonaji bado alikuwa amevimba kwa hasira.

"Niambie, Bi Chupa. Hiyo kompyuta ni uongo mtupu?"

"Ingekuwa hivyo ingekuwa rahisi. Kompyuta zipo. Yule tapeli ameuvisha uongo nguo za ukweli." Akagonga meza. "Kila kitu kina atomu. Kwenye atomu kuna elektroni, vitu vidogo mno. Jinsi zinavyojipanga ndiyo inayoamua chuma kishike kutu au kisishike, dawa inase mwilini au iteleze. Wanasayansi wanataka kuukokotoa mpangilio huo. Lakini kila elektroni inazisukuma nyingine. Ukiongeza moja tu, hesabu inavimba. Kompyuta ya kawaida inaishiwa pumzi."

"Na ya kwantamu?" mume akauliza kwa sauti ndogo.

"Sehemu zake zinafuata kanuni zilezile za elektroni. Kwa hiyo inaweza kuziiga vizuri zaidi. Nimesema inaweza! Leo bado zinakosea mno. Na nyingi hukaa kwenye baridi ambayo friji zako haziwezi kuifikia."

Mume akaitazama kadi. "Na mama ameivaa kifuani, kwenye joto! Mimi, fundi wa baridi, nimeuziwa baridi ya uongo!"

Bibi hakukubali. "Lakini iliiga. Dawa ikiigwa si dawa?"

Mshonaji akanyanyua karatasi anayotumia kukatia mashati.

"Mama, hili ni shati?"

"Ni karatasi."

"Inanionyesha shati litakaaje, nisiharibu kitambaa. Halafu nakata, nashona, mteja anajaribu, narekebisha. Umeona nani anatoka nje amevaa karatasi?"

"Hapo hapo!" Bi Chupa akasema. "Kuiga ni karatasi. Dawa lazima itengenezwe, ijaribiwe, ipitishwe. Vidonge vyako vimeshapita huko kote."

Bibi akaivua kadi, akaitupa mezani kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Akawa anameza kidonge kila asubuhi, mume akihakikisha kwa macho yake. Baada ya mwezi kipimo cha presha kilishuka, na muuguzi akatabasamu.

Wiki hiyohiyo koti jeupe likarudi mtaani na boksi la kadi. Bibi akatoka nje bila kuyumba, karatasi ya shati mkononi.

"Vua koti lako, baba," akamwambia. "Vaa hili. Kompyuta imelishona."

Watu wakaangua kicheko. Mshonaji hakucheka. Alisimama mlangoni, mkasi mkononi, akimkazia macho yule mtu mpaka alipokata kona.

Ndipo jirani wa nyumba ya tatu akaivua kadi yake shingoni taratibu, akauliza zahanati hufunga saa ngapi.