Taa ya Baba Yaanikwa Juani

Kila alasiri, akisharudi shule na kula, Sabra alikuwa na kazi moja ambayo haikuwa ya mtu mwingine nyumbani: kuchaji taa ya nyuma ya baiskeli ya baba yake. Mzee Idrisa alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku huko Al Rayyan, Uarabuni. Akishasali magharibi hupanda baiskeli kutoka mtaa wao wa Muaither, na barabara ile ina magari yanayokwenda mbio utadhani yanafukuzwa. Mwendesha baiskeli asiye na taa, dereva hamwoni mpaka ameshamfikia.

Taa yenyewe alizawadiwa siku ya Idi na Joram, Mganda aliyefanya naye kazi. Mzee Idrisa aliipenda kwelikweli, hata wageni walichoka kusikia sifa zake.

Basi, mwezi wa Juni, shule zikikaribia kufungwa, Sabra aliuchukua waya wa kuchajia akaenda nao shuleni bila kumwambia mtu, ili achaji mchezo wake wa mkononi. Waya ukapotea. Alitafuta chini ya madawati, akatafuta kwenye basi, wapi!

Hofu ikamjaa. Aseme? Asiseme? Ndipo akakumbuka taa ya sola ya bibi yake kule Wete, Pemba, ambayo kutwa nzima hukaa juani na jioni ikawaka vizuri. Eti na hii ya baba si taa vilevile? Akapanda nayo juu ya paa, mama yake anakoanika nguo, akaiweka kwenye saruji iliyokuwa inaunguza hata mkono. Jioni akaijaribu, ikawaka. Masikini, hakujua kwamba ile ilikuwa chaji ya jana iliyobaki!

Kesho yake akaianika tena. Jioni ikawaka kwa unyonge, mwanga wake mwekundu hafifu. Sabra aliuona unyonge ule. Baba yake alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu.

"Tayari, mwanangu?"

"Tayari, baba," akajibu, akampa taa.

Mzee Idrisa hata hakufika mbali. Taa ilizimika barabarani, gari likampita karibu mno, akaingia mtaroni na baiskeli yake. Alirudi anachechemea, goti limechubuka, shati limechanika begani. Mama yake Sabra alilia waziwazi.

"Joram kanipa kitu kibovu," Mzee Idrisa alisema kwa hasira. "Kaniletea takataka, tena siku ya Idi! Mimi na yeye basi."

Sabra alijifunika shuka gubigubi, lakini usingizi haukuja.

Siku ya pili alasiri, Joram akaja kumjulia hali mwenzake, mkononi ana mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, ami," Sabra alisema, macho chini.

"Marahaba. Mzee Idrisa, pole sana. Banange, jamani, nilivyosikia nimeshtuka!"

Mzee Idrisa hakumkaribisha hata kukaa. "Chukua taa yako, bwana. Ungenambia tu kwamba ni mbovu."

Joram alibaki amesimama na machungwa yake, uso umemshuka. Sabra alimtazama akaona hawezi tena kuvumilia.

"Si ami Joram, baba! Ni mimi!" Akaeleza yote huku analia: waya, taa ya bibi, paa, jua, na ule mwanga hafifu.

Joram aliishika taa, akaona plastiki yake imeumuka ubavuni. "Betri imeungua, mtoto wangu. Taa ya bibi yako ina kioo cha kupokea jua. Hii haina, jua linaichoma tu. Usiichaji tena hii, ni hatari. Tukipata nyingine, chaji ndani penye ubaridi, ikijaa ichomoe, wala usingoje izimike kabisa ndiyo uikumbuke. Kwenye taa za barabarani iweke mwanga mdogo, ule mkali ni wa penye giza. Hivyo betri itadumu."

Mzee Idrisa aliinuka kwa taabu, akamshika Joram mkono. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekukosea."

"Yamekwisha, Mzee. Goti likipona tutakwenda pamoja. Wewe mbele, mimi nyuma na taa yangu, mpaka upate nyingine."

Kisha Mzee Idrisa akamgeukia binti yake. Sabra alingojea kofi, halikuja.

"Waya hupotea, Sabra, hata mimi nimepoteza vingi. Kilichoniuma ni kwamba uliuona mwanga umefifia, ukaniangalia nafunga viatu, ukaniambia tayari." Akamvuta karibu naye. "Ukikosea, nambie nikiwa bado mlangoni. Mlangoni naweza kurudi ndani, mwanangu. Barabarani siwezi."